Spika ya Kushoto

Kwenye kwaya yetu naitwa Sikio. Jina hilo sikujipa mwenyewe, ila kusema kweli lingechelewa kuja ningelitafuta. Mchana ni mpima viwanja. Jioni naongoza kwaya ya mtaa, na sifa yangu ni moja: mtu akiteleza nusu noti kule safu ya nyuma, mimi namjua kabla yeye hajajijua. Namnyooshea kidole nikiwa nimefumba macho. Kufumba macho si lazima, ila kunapendeza.

Kwa hiyo mjomba wangu alipohamia nyumba ndogo na kutafuta mtu wa kumwachia spika zake mbili kubwa za mbao, ukoo mzima ulinitazama mimi. Zilikuwa na urefu wa mtoto wa darasa la kwanza, zimevalishwa vitambaa vyeusi mbele, na uzito wa kukukumbusha umri wako. Mjomba alizipapasa kama anayeaga abiria, akasema, "Mpwa wangu, besi imekufa. Lakini wewe una sikio. Utazifufua."

"Hiyo kazi ya wikendi moja tu, mjomba," nikamjibu.

Nilipovua vile vitambaa niliuona ugonjwa. Koni zenyewe, yale makaratasi magumu yanayotetemeka kutoa sauti, zilikuwa nzima, ila ile pete ya sponji inayoishikilia koni kwenye fremu ili iweze kucheza mbele na nyuma ilikuwa imeoza. Niliigusa kwa kidole ikamwagika kama keki ya mwaka jana. Nikaagiza pete mpya za mpira na gundi yake. Halafu, kwa kuwa mtu wa aina yangu hatengenezi tu bali anaboresha, nikaagiza na nyaya nene, vispika vipya vya sauti nyembamba, na kapasita, yaani vile vikopo vidogo vya ndani vinavyoamua sauti ipi iende juu na ipi ibaki chini.

Spika ya kulia ilikubali mara ya kwanza. Nilidhani ni ustadi. Ya kushoto ndiyo ilinionyesha kwamba ilikuwa bahati. Pete ilikaa upande, koni ikawa inakwaruza ndani kama panya kwenye gunia, ikabidi niibandue yote nianze upya. Mara ya pili nilibandika vizuri sana, pamoja na kidole changu. Mke wangu, ambaye ni mwalimu wa hesabu na hapendi kukatizwa akisahihisha, aliniokoa kwa maji ya moto na mafuta ya kupikia.

"Baba watoto," alisema huku akinivuta, "wewe na hiyo spika mnapendana, au mmefungishwa ndoa kwa nguvu?"

Mara ya tatu ikakaa. Niliposoma mahali kwamba pamba ndani ya sanduku hutuliza mwangwi, nikatafuta pamba nyumbani, nikaipata ndani ya mto wa chumba cha wageni. Mto haukuwa na mgeni wakati huo. Mgeni alikuja Ijumaa, naye alikuwa mama mkwe.

Asubuhi yake alitoka chumbani ameshika foronya iliyolegea kama soksi. "Mwanangu, huu ni mto au ni picha ya mto?"

"Pamba yake iko ndani ya spika, mama. Inatuliza mwangwi."

"Na shingo yangu inatulizwa na nini?"

Nilimpa mto wangu. Mimi nikalalia koti.

Hatimaye siku ya kusikiliza ikafika. Nilileta futi ya kazini nikapima sebule: kutoka spika hii hadi ile, kutoka kila spika hadi kwenye kiti changu, pembetatu iliyonyooka kuliko kiwanja chochote nilichowahi kumpimia mteja. Nikakaa, nikafumba macho, nikawasha muziki. Besi ilirudi, tena imenona. Lakini spika ya kushoto ilikuwa imenyong'onyea. Waimbaji wote walikuwa wamejazana kulia kama watu wanaokwepa jua.

"Mbona naona ziko sawa," mke wangu alisema akipita na kikapu cha nguo.

"Wewe unasikia nyimbo," nilimwambia kwa upole mkubwa. "Mimi nasikia sauti."

Natamani ningekuwa nimemeza gundi siku ile.

Niliifungua tena ya kushoto. Nikalehemu upya kila kiungo, nikabadilisha kapasita zilizokuwa mpya kwa kapasita mpya zaidi, nikaongeza mbao ndani ili sanduku lisitetemeke. Bado. Nikapata wazo la kisomi: nikazibadilisha nafasi, ya kulia nikaiweka kushoto. Iliyofika kushoto nayo ikanyong'onyea. Aha! Kumbe ni amplifaya. Nikabadilishanisha nyaya nyuma ya amplifaya, na bado upande wa kushoto ukawa dhaifu. Mtu mwenye akili timamu angebakiwa na mshukiwa mmoja hapo. Mimi niliamua kwamba sebule ndiyo mbovu. Nilihamisha kochi, nikasogeza kabati la vyombo, nikatundika blanketi ukutani. Mama mkwe alikuwa akiamka kila siku na kuikuta nyumba tofauti, mpaka akaanza kuuliza choo kama bado kiko kule kule.

Jumamosi moja asubuhi, muziki ukiendelea, skrubu ilinidondoka ikabingirika chini ya kabati. Nikalala sakafuni, sikio la kulia juu ya zulia, nikachungulia kwa tochi. Muziki ukazimika.

"Nani kazima?" nikapiga kelele.

Niliinua kichwa kulalamika, nikakuta muziki unaendelea, mke wangu anafagia huku akiimba kwa kuufuata. Nikarudisha kichwa kwenye zulia. Muziki ukawa kama unatoka kwa jirani wa tatu. Nikainua. Ukarudi. Nikajigeuza, nikalaza sikio la kushoto chini: muziki wote upo, na ufagio juu yake. Nikajigeuza tena upande wa kwanza: kimya.

Nilipotupa macho juu, mke wangu alikuwa amesimama juu yangu. Niliona midomo yake ikicheza. Nikakaa.

"Nimekuuliza, una nini? Unagaagaa kama samaki."

"Natafuta skrubu," nikasema. Sauti yangu mwenyewe niliisikia upande mmoja.

Akaweka ufagio chini, akazunguka upande wangu wa kushoto na kunong'ona kitu. Nilijua amenong'ona kwa sababu pumzi yake ilinigusa. Maneno sikuyapata. Alipokuja mbele yangu uso wake haukuwa na mzaha tena. "Jumatatu tunaenda kwa daktari," akasema.

Njiani niliomba iwe nta. Sijawahi kuutamani uchafu kiasi kile. Daktari wa masikio, mama mmoja mtulivu, alichungulia huku na huku akasema masikio yangu ni masafi mno. Akanivika vile vya kusikilizia kichwani, akanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Upande wa kulia nilibonyeza kama mchezaji hodari. Upande wa kushoto nikangoja. Nikaendelea kungoja. Mwishowe nikamwambia, kwa heshima ya mafundi wawili wanaozungumza, "Daktari, waya wa kushoto wa hivi vitu una hitilafu."

Hakubishana nami. Alivigeuza kichwani kwangu, cha kulia kikaja kushoto, akaanza upya. Sikumwambia lolote kuhusu waya tena.

"Ni mshipa wa fahamu," alinieleza baadaye, mke wangu akiwa ameshika mkono wangu. "Umekuwa ukififia polepole, ndiyo maana hukugundua."

"Unatengenezeka?"

"Hautengenezeki. Unasaidiwa. Kuna kifaa cha kuvaa."

Kwenye gari sikuwaza spika hata kidogo. Niliwaza kwaya. Waimbaji wa sauti ya kwanza husimama kushoto kwangu, na tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa nawaambia, "Sauti ya kwanza, mko wapi? Mmekuja wenyewe au mmetuma wawakilishi?" Nao, kwa kunitii, waliongeza. Kiongozi wao, fundi cherehani mmoja mwenye koo la dhahabu, alikuwa anamaliza mazoezi mishipa imemtoka shingoni. Na mimi, Sikio, nimefumba macho.

Mazoezi yaliyofuata niliwaeleza yote, mpaka ya waya wa daktari. Nilimalizia kwa kusema watafute mwalimu mwingine. Fundi cherehani akainuka.

"Mwalimu. Yaani muda wote huu tunapiga mayowe bure?"

"Bure kabisa."

"Mimi kwangu wananitoa nje nikaimbie uani!"

Mtu wa besi akaangua kicheko, na kile kicheko kikapita safu zote mpaka kikamfikia fundi mwenyewe, akakaa chini anajifuta machozi. Alipopata pumzi akauliza, "Basi tuimbe vipi sasa?"

"Kama mlivyokuwa mnaimba kabla sijawaharibu."

"Na wewe usitusumbue na habari ya mwalimu mwingine. Geuka tu."

Nikasimama kiupande upande, sikio la kulia limewaelekea, kama mtu anayesikiliza ugomvi mlangoni kwa jirani. Wakaimba kwa sauti ya chini. Sauti ya kwanza ilikuja laini, safi, bila mayowe, nikajua kwamba miezi mingi nilikuwa nimeukosa wimbo ule na wao nikawanyima kuuimba. Safari hii sikumnyooshea mtu kidole.

Kabla ya kurudi kwake, mama mkwe alikalia kiti changu kwa mara ya kwanza, mkoba wake mapajani. Nilimwekea nyimbo anazozipenda. Alisikiliza, akageuza kichwa huku, akakigeuza kule.

"Zote nzuri," akasema. "Ila hii ya kushoto, mwanangu, ni tamu kuliko mwenzake. Umeifanyaje?"

Nilianza kumweleza, pete, kapasita, mbao, kulehemu upya, na katikati ya maelezo nikashindwa kuendelea kwa kucheka. Nilikuwa nimetengeneza spika bora kuliko zote nilizowahi kuzigusa, na mtu pekee nyumbani asiyeweza kuifaidi ni mimi niliyeitengeneza.

Kifaa changu nimekizoea nusu nusu. Kinanisaidia kwenye maneno, kwenye muziki kinapiga kama bati. Kwa hiyo jioni nikitaka kuisikia spika ile ya kushoto nakivua, nageuza kiti, nazipa spika zote mbili mgongo. Hapo inakuja upande wangu wa kulia, tamu kweli, mama mkwe hakunidanganya. Nikikaa hivyo natazamana na meza ya chakula, ambako mke wangu anasahihisha madaftari. Zamani nilikuwa nasikiliza nimefumba macho. Siku hizi namtazama anavyokunja uso kwa mwanafunzi aliyekosea kutoa, naye akiniona namtazama ananiambia kitu, midomo yake inacheza, na mimi natikisa kichwa kukubali bila kujua nimekubali nini.

Juzi ilibainika nimekubali kupaka rangi jiko.