Shati la Hope

Siku maofisa wa mazingira walipokumbuka, baada ya malalamiko chungu nzima, kukipiga kufuli kiwanda cha kuyeyusha betri, mtaa mzima wa Vingunguti ulianika nguo nje. Mama Hope aliporudi kutoka kanisani alimkuta jirani yake, Thuraya, anamsubiri kwenye kamba, uso umemchangamka.

"Shoga, nimekufulia na lile shati la shule la marehemu. Masizi yaliyomuua mtoto wetu yasikae tena ndani mwako!"

Tangu msiba Mama Hope hakuwa amelifua shati lile. Kila usiku alilala amelikumbatia.

"Ahsante, shoga," akasema.

Akalianua, akanusa kola, akanusa makwapa. Lilinukia sabuni na jua, basi.