Udi Umepita, Yaqdhan Amekaa

Mwaka 1998, redio zikihesabu miaka mia tano tangu Mreno wa kwanza kutia nanga pwani yetu ya Afrika, Muhanna wa Azaiba alikuja Darsait, huku ng'ambo ya bahari, kwa rafiki yangu Thabit kumposea mwanawe Yaqdhan, aliyekuja naye. Msichana ni Rahila, binti wa pekee wa Thabit. Wenyewe walishapendana zamani. Iliyobaki ni ndiyo ya baba tu.

Sasa Thabit, kwa mama ni mtu wa Kilwa, na ukutani mwake ametundika upanga wa Mreno. Mgeni hamalizi kahawa bila ya kusikia habari zake. Basi akaanza. Nahodha wa Kireno alishuka na kofia nyekundu, kengele na vikuku vya shaba, ati abadilishane na dhahabu ya Sofala. Wazee wakacheka mpaka vilemba vikawavuka. Wakamlisha tende, kisha wakapitisha chetezo cha udi. Na kwetu baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni ainuke aende zake. Mreno asijue. Akakipakata chetezo, akakunja miguu, akataja bei nyingine. Watu wakafahamu kuwa mji keshauchukua. Babu yake Thabit akampokonya upanga, akamkata kichwa, na kichwa kikaendelea kuuliza bei ya dhahabu mpaka alasiri. Mabaharia wake walichinjwa ufukweni, na kaa wa Kilwa hawajakonda mpaka leo.

Muhanna akakohoa.

"Bwana Thabit, babu yako hakuchinja hata kuku. Alimuuzia Mreno maji ya kisima, akalipwa upanga huo. Maji yalikuwa ya chumvi, Mreno akarudi akauchoma mji."

Thabit akaagiza udi, na posa haijajibiwa. Kila mtu akaelewa kuwa mke hapana. Wageni tukainuka mmoja mmoja, Muhanna naye. Yaqdhan hakuinuka.

Nikamnong'oneza kuwa udi umepita.

"Nimeuona, ami. Nikiinuka ndiyo basi tena."

Thabit akamtazama, uso umembadilika.

"Hivi hivi ndivyo alivyokaa Mreno," akasema, akaushusha upanga ukutani.

Ulikuwa butu, haukati, unaponda. Pigo la kwanza lilimvunja Yaqdhan mtulinga wa bega, tukausikia kama kuni kavu. La pili likaondoka na nusu ya sikio. Damu ikarukia feni ya dari, na feni ikatugawia sote sawasawa. Nnavyokwambia, hata jirani wa ghorofa ya chini alipata fungu lake. Mimi nilipoingia kuamua nikala kiwiko cha mdomo, meno nikayatemea zuliani. Muhanna akachomoa jambia alilolivaa kwa heshima ya posa, akambana Thabit ukutani, ncha kooni, na kanzu ya Thabit ikaanza kuwa nyekundu kifuani. Upanga ukamponyoka.

Yaqdhan bado amekaa. Mkono mmoja sikioni, mwingine umelala kama si wake.

Pazia likafunguka. Rahila akaingia mbele ya wanaume, miguu mitupu, akaliinua dele, akaimimina kahawa yote juu ya makaa ya chetezo. Chumba kikajaa mvuke.

"Udi umezimika," akasema. "Mgeni hajafukuzwa. Baba, jibu posa."

Thabit akameza mate, jambia likapanda na kushuka pamoja na koo lake.

"Muhanna, ondoa chuma chako. Ndiyo ya jambia haisihi."

Muhanna alisita, kisha akaliteremsha. Thabit sasa alikuwa huru kukataa, na ule upanga ulikuwa karibu na mguu wake. Akamtazama yule kijana aliyepondwa asisogee hata shubiri.

"Huyu hatoki," akasema taratibu, akijifuta shingo. "Nimempa."

Ndipo Yaqdhan alipoinuka, akatafuta mkono wa mkwewe aubusu, akazimia kabla ya kuufikia.