Ndege wa Machimboni

Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili ya kuchokonoa mawe katika karakana ya makumbusho, huko nyuma, kando ya stoo ya viti vibovu. Kazi yake ilikuwa kutoa mifupa ya kale ndani ya jiwe bila kuikwaruza: darubini machoni, sindano mkononi, na patasi ndogo ya upepo inayovuma kama nyuki aliyefungiwa koponi. Watu walipomuuliza kama hachoki, aliwajibu kwamba mifupa haina mdomo wa kumsengenya.

Bamba la jiwe alilokuwa akilichokonoa sasa lililetwa na mdogo wake, mpasua mawe machimboni, ambaye wote walimwita Chokaa kwa kuwa hata nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi. Baada ya baruti kulipuka aliona mfupa mwembamba umechomoza, akavua shati, akalifungia jiwe humo na kumbebea dada yake. Miezi mitano baadaye, mguu mzima, bawa na fuvu vilikuwa vimejitokeza.

"Hana meno," profesa wa makumbusho alinong'ona, kana kwamba ndege angeshtuka. "Zama zile ndege wengi walikuwa na meno, na kucha kwenye mabawa. Lilipoanguka lile jiwe kubwa kutoka angani, walifutika pamoja na dinosaria. Huyu aliishi kabla kidogo ya balaa hilo, lakini ni wa ukoo uliopona. Tazama: mdomo una kitu cha bata, kisogo kina kitu cha kuku. Pengine ni jamaa wa babu yao, kabla hawajaachana njia."

"Miaka milioni sitini na saba," Chokaa akasema, "na bado ni kuku tu?"

Walicheka wote watatu mpaka profesa akalazimika kufuta miwani.

Wasichojua ni kwamba msimamizi wa machimbo alikuwa amekwisha kumwahidi jiwe hilo dalali wa vitu vya kale. Jumanne mchana, profesa akiwa ametoka kula na Chokaa amekuja kumtazama ndege wake, dalali aliingia karakanani na pande la mtu lililoshika mtalimbo.

"Mama, hatuna ugomvi na wewe. Tunachukua mzigo wetu."

"Mzigo wenu upi? Hii ni mali ya makumbusho."

Dalali hakubishana. Alimzaba kofi lililomtupa kwenye mashine ya upepo, na jino likamvunjikia mdomoni. Chokaa aliruka. Mtalimbo ulimpata begani, na mfupa ukalia kama kuni kavu. Yule pande la mtu akaweka mkono juu ya bamba ili alivute. Fundi alishika patasi, ambayo ilikuwa bado inavuma, akaizamisha katikati ya kiganja kile hadi ncha ikagonga jiwe. Mtu yule alipiga ukelele, akaangusha mtalimbo na kutimua mbio, damu ikichora ukuta hadi mlangoni.

Dalali hakutaka kuondoka mikono mitupu. Alilivuta bamba peke yake. Lilimzidi uzito, likateleza, likapasuka sakafuni vipande vitatu.

Chokaa alitazama chini. Kisha akaokota nyundo kwa mkono wake mzima na kumpiga dalali gotini. Dalali akaanguka.

"Basi, kaka! Nimekoma! Chukueni!"

Chokaa akampiga tena, safari hii tayani. Fundi alikuwa amepiga magoti kando ya bawa lililokatika vipande viwili. Neno "acha" lilikuwa ulimini mwake, pamoja na damu. Hakulitoa. Nyundo ilipanda na kushuka, uso wa dalali ukapoteza umbo, na bado hakulitoa. Walinzi wa makumbusho, waliosikia kelele, ndio waliomshika Chokaa.

Dalali alipona, kama kupona ni kubaki na jicho moja na kula kwa mrija.

Kabla ya kesi, wakili wa Chokaa alimwambia Fundi, "Sema dalali alikuwa bado anawashambulia. Basi." Mama yao naye akamwambia, "Huyo ni mdogo wako. Umembeba mgongoni."

Fundi alipanda kizimbani. Mwendesha mashtaka akamuuliza kama dalali alikuwa ameshaanguka.

"Ndiyo."

"Alikuwa anaomba asamehewe?"

"Ndiyo."

"Na wewe ulifanya nini?"

"Niliangalia. Ningeweza kumzuia. Sikutaka."

Chokaa akapewa miaka sita. Mama yao alitoka mahakamani bila kumsubiri binti yake, na tangu siku hiyo akimwona mlangoni hugeuzia uso ukutani.

Mara mbili Fundi alikwenda gerezani na mdogo wake akakataa kutoka. Mara ya tatu alitoka, bega moja limelala, nyusi zake nyeusi kabisa. Fundi hakuwa amezoea kumwona hivyo. Alimpa picha ya ndege, aliyemwunga kwa gundi kwa mwaka mzima.

"Nyufa zinaonekana," Chokaa akasema.

"Zinaonekana."

"Neno moja tu, dada: 'hapana'. Ungelisema pale kizimbani."

"La pale kizimbani nisingeweza. Lile 'acha' la karakanani ndilo ninaloliwaza kila siku."

Kidole cha Chokaa kilifuata mguu mrefu wa ndege pichani.

"Alikuwa anaruka?"

"Profesa anasema aliruka, lakini muda mwingi alitembea ufukweni."

Askari akagonga meza kwamba muda umekwisha. Chokaa alisimama, akaiingiza picha ndani ya shati upande wa bega zima, akaondoka bila kuaga. Hakuirudisha.