Docteur Doudou na Kichwa cha Mujomba

Kama kulikuwa na mtu mmoja katika mtaa mzima wa Kasungami aliyejua kilichomo kichwani mwa Mujomba Lucien, basi mtu huyo alikuwa Doudou. Hayo hatusemi sisi. Alisema Doudou mwenyewe, asubuhi ile, akiwa ndani ya koti la arusi la kaka yake.

"Tantine, tuliza roho," alimwambia Bénédicte, mke wa Lucien. "Kichwa ya mujomba, miye naiyua kuliko munganga yeyote."

Bénédicte hakucheka. Tangu mabehewa yagongane kule Sakania, na Casimir, mwenzake Lucien wa kazi, afe akiliita jina la Lucien, mzee hakurudi tena kazi ya reli. Pensheni ya ulemavu ndiyo iliyowasha moto jikoni mwao. Leo daktari wa mfuko wa pensheni angempima upya, na Doudou ndiye angemsindikiza. Akiandika *apte*, yaani anaweza kazi, moto huo umezimika.

Doudou alikuwa na kibanda cha dawa, na mtaani kwao kila anayekupa kidonge anaitwa docteur. Diploma yake ilikuwa ya shule ya sekondari, tena ya biashara, lakini jina ukiitwa miaka sita, sikio linazoea.

Daktari wa mfuko alimkalisha Lucien, akamsimamisha, akamchuchumaza, akamgonga goti kwa kinyundo. Goti likaruka.

"Magoti muzuri. Mugongo muzuri," alisema, akaandika. "*Apte*."

Lucien alitazama sakafu. Doudou yeye, tangu waingie, shingo ilikuwa imempinda kama kuku aliyeona punje, anasoma diploma iliyotundikwa ukutani.

"Docteur, samahani. Pale banaandika *orthopédie*. Njo nini?"

"Mifupa."

"Mifupa yote?"

"Yote."

"Na kichwa?"

"Kichwa pia iko mufupa," daktari alisema, akitabasamu.

"Kweli. Lakini docteur, hapa sufuria iko muzima. Bukari ya ndani njo ilichomeka."

Kalamu ikasimama. Doudou, ambaye hakujua kuachia mlango uliokwisha kufunguka, akaendelea: "Kule ku masomo, mambo ya akili balikufundisha wakati gani?"

Daktari alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli. "Wiki tatu," alisema. "Mwaka wa ine."

"Wiki tatu! Hata kuendesha pikipiki banafundishaka mwezi muzima."

"Na weye uko nani?"

Mdomo wa Doudou ukamtangulia mwenye mdomo. "Docteur Doudou. Miaka mbili namufuata huyu mugonjwa. Hasemaka hata neno. Kila siku anakuja kulala chini ya meza yangu ya kazi, juu ya baridi ya simenti."

"Ah, confrère, kumbe weye mwenzangu wa kazi! Ulisomaka fasi gani?"

"Fasi... mingi."

"Huyu hapana docteur."

Wote wawili waligeuka. Lucien ndiye aliyesema, polepole, kama mtu anayefungua mlango wenye kutu.

"Anauzishaka dawa. Juzi Mama Katungu aliomba dawa ya kikohozi, akamupa ya minyoo. Akamuambia kikohozi itatokea chini. Miye niliona. Nilikuwa chini ya meza."

Doudou alihisi koti la arusi limembana kwapani.

Daktari alisogeza kiti chake. Hakushika kinyundo. "Papa, unafanyaka nini kule chini?"

"Saa tano treni inapiga honi. Pale Casimir anaanza kuniita. Naziba masikio mpaka anyamaze. Siku ingine hanyamaze."

Miaka miwili Doudou alikuwa akiiruka miguu yake kila saa tano, akidhani mzee anatafuta baridi.

Daktari alilifuta neno *apte* kwa mstari mnene. Chini yake akaandika: apelekwe kwa daktari wa magonjwa ya akili, pensheni isiguswe mpaka huyo aseme. Akagonga muhuri, akampa Lucien karatasi mkononi mwake mwenyewe.

Kisha, bila kuinua kichwa: "Confrère, ule Mama Katungu alipona?"

Doudou alimtazama mujomba wake kwa macho ya kuomba.

"Alipona," Lucien alisema. "Alienda kwa munganga mwengine."