Siku Glenys Alipokwenda Kumtetea Gethin

Gethin alianza kuimba bafuni asubuhi, na shangazi yake Glenys akajua mtoto kapata kazi. Sauti yake ilikuwa mbaya, kama mlango wa banda ulioliwa na kutu, lakini Glenys alizima redio jikoni ili aisikie vizuri. Shule ya watoto wenye ulemavu, ile ya juu kilimani, ilikuwa imemwambia kwamba inamtaka awe msaidizi wa darasa. Kilichobaki ni ukaguzi wa polisi tu.

Kisha nyimbo zikakoma.

Glenys hakuuliza mara moja. Alikuwa amemlea Gethin tangu udogoni, kaka yake, baba wa Gethin, alipofiwa na mke na kwenda kufanya kazi kwenye meli za kuvusha watu Ireland, akawa anarudi Krismasi tu. Alijua kwamba kijana yule ukimvuta hukaza, ukimwacha hulegea mwenyewe. Basi akamwacha. Akampikia soseji na viazi vya kuponda na mchuzi mzito wa vitunguu, chakula ambacho hakijawahi kubaki sahanini tangu Gethin aote meno. Safari hii kikabaki. Hapo Glenys akaona subira imetosha.

"Kazi unaanza lini?"

"Wamepata mtu mwingine."

"Mtu gani?"

"Nitajuaje, Shangazi? Mtu."

"Walishakwambia ni yako. Kazi ikishakuwa yako hawakunyang'anyi hivihivi, labda kama umemng'ata mwalimu."

Gethin akaisukuma sahani. "Onyo limetokea," alisema. "Lile la bangi."

Glenys akaweka uma wake mezani.

Kule bondeni kwao, huko Wales, polisi wakimkamata mtu na kosa dogo naye akakiri, wanaweza kumpa onyo rasmi badala ya kumfikisha mahakamani. Unatia saini, unarudi nyumbani, unadhani yamekwisha. Lakini ukiomba kazi ya kutunza watoto, wagonjwa au wazee, wanakuchimba zaidi, na onyo la mtu mzima huendelea kuonekana miaka kadhaa. Gethin alipewa lake akiwa na miaka kumi na tisa, mtu mzima kwa sheria, ingawa kwa Glenys alikuwa bado mtoto wa kukumbushwa kuvaa soksi. Sasa alikuwa na ishirini na tatu.

Na bangi ile Glenys aliijua vizuri kuliko polisi walivyoijua, maana yeye ndiye aliyeiagiza. Ugonjwa wake wa neva ulikuwa umefika mahali pabaya mwaka ule. Misuli ya miguu ilimkaza mpaka akauma mto. Jirani mmoja mwenye maradhi hayohayo akamnong'oneza kwamba bangi kidogo hulegeza. Glenys, mwimbaji wa kwaya ya kanisa tangu utoto, asingejua pa kuinunua hata kama angeuziwa langoni kwake. Gethin akasema, niachie mimi. Akawa anamletea, naye anaipika kidogo ndani ya siagi, anapaka mkate. Jioni moja polisi wakamsimamisha nyuma ya duka la samaki na chipsi. Akasema ni yake. Hakumtaja shangazi yake hata kwa herufi moja. Tangu siku ile Glenys alilibeba jambo lile kama jiwe ndani ya kiatu.

"Si uliniambia yale mambo yalikwisha?" aliuliza.

"Nilidhani yamekwisha."

"Na ile kazi ya kusukuma vitanda hospitali? Ulisema mshahara mdogo. Na ile ya nyumba ya wazee? Ulisema kunanuka."

Gethin akawa anakwangua meza kwa ukucha. "Kote waliuliza kama nimewahi kupewa onyo. Nikasema ndiyo. Hawakuniita hata kwa mazungumzo. Hii ya tatu nikaandika hapana."

"Gethin."

"Najua."

"Umeandika uongo."

"Najua, Shangazi. Mwalimu mkuu ameniita Alhamisi nikajieleze. Siendi. Nitabaki zangu kiwandani na kuku."

Maana kazi yake wakati ule ilikuwa kufungasha kuku waliokatwa, na kila akirudi nyumbani vidole vyake vilikuwa vya zambarau kwa baridi.

"Utakwenda," Glenys alisema. "Usipokwenda, nitakwenda mimi niwaambie ilikuwa ya nani."

"Thubutu."

Neno hilo halikufaa kuambiwa Glenys. Alhamisi, Gethin alipokuwa bado amejifunika blanketi akijifanya amelala, Glenys alivaa koti lake la kanisani na kofia ya mvua, akapanda kiti chake cha magurudumu cha betri, akatoka. Mvua ilikuwa ile nyembamba isiyoisha. Mlima wa kwenda shule ulikuwa mkali, na kiti chenyewe hakikuwa kijana tena. Kilipofika mbele ya ofisi ya posta kikatoa mlio mdogo wa huzuni, kikasimama. Glenys akakaa palepale katikati ya njia ya waenda kwa miguu, akiwaitikia watu salamu kama mtu aliyepanga kupumzika hapo.

Haukupita muda akasikia mtu akikimbia nyuma yake.

"Umeona sasa?" Gethin alisema akihema. Shati alikuwa amelivaa ndani nje. "Na betri hukuichaji."

"Nimeichaji. Betri nayo ni mzee kama mimi. Unageuza nirudi nyumbani au unanisukuma juu?"

Gethin akatazama chini alikotoka, akatazama juu. Kisha akainama akashika vishikio. "Shangazi, wewe ni mzito," alisema.

"Ni hilo koti. Sukuma."

Mwalimu mkuu aliitwa Bi Haf Beynon. Alikuwa mwanamke mfupi, miwani juu ya kichwa, na mkono wa sweta umetapakaa rangi ya watoto. Hakuonekana kushangaa kwamba aliyeitwa ni mmoja na waliokuja ni wawili, wote wanachuruzika maji. Aliwapa taulo na chai. Lakini uso wake haukuwa wa mtu mwepesi kulaghaiwa.

Glenys hakungoja kuulizwa. "Mimi ndiye wa kulaumiwa," alianza, akaeleza yote: maradhi, siagi, duka la samaki na chipsi, jinsi mtoto alivyojibebesha kosa lisilo lake. Alieleza pia kwamba siku hizi hospitali yenyewe inampa dawa ya kupuliza mdomoni, imetengenezwa kwa mmea uleule, kwa ruhusa ya daktari. "Kwa hiyo ukimnyima kazi," alimalizia, "unamnyima kwa sababu alimhurumia shangazi yake. Kama kuna wa kupewa onyo, nipe mimi hapahapa."

Bi Beynon alimwongezea chai. "Asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini Bi Glenys, bangi ya miaka minne iliyopita hainikoseshi usingizi. Hapa nina walimu waliofanya makubwa zaidi walipokuwa wanafunzi. Linalonisumbua ni lile neno 'hapana'." Akamgeukia Gethin. "Watoto wangu wengi hawasemi. Mtoto akiumia mikononi mwako, wa kuniambia ni wewe tu. Sasa hebu niambie wewe mwenyewe. Ilikuwaje?"

Gethin alitazama kikombe chake. Glenys akamkonyeza kwa nguvu: sema kama nilivyosema.

"Ni kweli nilikuwa nampelekea Shangazi," Gethin alisema. "Lakini si yote."

"Si yote nini?" Glenys aliuliza.

"Nusu ilikuwa yangu." Alizungumza polepole, masikio yakiwa mekundu. "Ulikuwa unanipa hela ya mzigo mmoja. Nakuletea nusu, nusu navuta na wenzangu kule kwenye reli ya zamani. Polisi waliponiuliza nikasema ni yangu, sikuwa naongopa sana. Ulivyokuwa unaniona mwema kwa ajili hiyo, nilikuwa naona aibu, ila sikujua nirudi vipi nyuma. Na lile 'hapana' niliandika kwa sababu nilichoka kukataliwa kabla hawajaniona. Nilijua ni uongo nilipokuwa naandika. Bangi niliacha mwaka uleule. Kuacha kuogopa kuulizwa ndiyo sijaweza."

Mahali fulani mtoto alikuwa anapiga ngoma bila mpangilio na kufurahi sana.

Glenys aligeuza kiti chake amtazame vizuri. Miaka minne alikuwa ameamka na hatia ile, amelala nayo, ameiombea msamaha kanisani kati ya wimbo na wimbo. Na siku zote hizo, nusu haikuwa yake.

"Wewe mtoto," alisema. "Ndiyo maana ile siagi haikuwa inafanya kazi."

"Ilikuwa inafanya kidogo, Shangazi."

"Kidogo! Nimekuwa nikimlaumu ng'ombe."

Bi Beynon aligeuka kutazama dirishani, mabega yakimtikisika. Alipowageukia tena alikuwa amejikaza. Alisema hawezi kuamua peke yake, kuna bodi ya shule, na kwamba atawaambia kila kitu bila kupunguza, pamoja na neno "hapana". Atawaambia pia alichokisikia leo. "Usinishukuru bado," alimwambia Gethin. "Na nyumbani ugeuze shati."

Wakati wa kushuka mlima Gethin alikuwa anakizuia kiti kisiteleze, miguu ameikaza kwenye lami iliyolowa. Walipofika posta akapunguza mwendo.

"Umenikasirikia?" aliuliza.

Glenys alifikiri. Alitafuta hasira, akaikuta ipo, lakini ndogo, na pembeni yake akakuta kitu kingine chepesi ambacho hakukitegemea. Alikuwa amezoea kuwa na mtoto mtakatifu aliyejitoa kafara kwa ajili yake, na deni la namna hiyo halilipiki. Huyu anayemsukuma sasa alikuwa kijana mdokozi wa kawaida, mwenye aibu zake, aliyekuwa akimpenda na kumwibia kwa mkono mmoja. Huyu alimjua. Huyu alikuwa wake.

"Nimekukasirikia," alisema. "Utaosha vyombo mpaka nikwambie basi. Lakini hukutaja jina langu polisi, ingawa walipokubana ungeweza kunitaja. Hiyo nusu naipokea."

Bodi ya shule ilibishana. Gethin aliitwa tena, akajieleza tena mbele ya watu watano, na mmoja wao, mzee mstaafu wa mgodi, hakukubali mpaka mwisho. Wengine walikubali apewe muda wa majaribio, chini ya macho ya Bi Beynon.

Kiwandani wafungashaji wenzake walimuaga kwa kumvalisha kofia ya karatasi na kumwita profesa wa kuku. Wiki yake ya kwanza shuleni alirudi nyumbani na alama za meno mkononi.

"Nani huyo?" Glenys aliuliza.

"Anaitwa Macsen. Ana miaka sita. Hataki kuvuliwa koti." Gethin aliutazama mkono wake kwa namna fulani ya fahari. "Nilimwambia Bi Beynon kwamba kosa ni langu, nilimharakisha. Kesho nitalivua langu kwanza, nione kama ataniiga."

"Na asipokuiga?"

"Tutakaa na makoti yetu," Gethin alisema, akavuta sahani ya viazi karibu, akaanza kula.