Mlango wa Chumbani

Seremala waliyembandika jina la Tingatinga alikuwa ameuvunja mlango wa chumbani mwake mara tatu, kwa bega. Mara ya tatu mkewe hakugombana naye. Alitundika pazia tu, akasema, "Hili nalo livunje, nikuone."

Siku hizo seremala alikuwa akijidunga sindano za kutunisha misuli, na hasira ilimpanda bila kupiga hodi. Alipoziacha, misuli ilinywea, na huzuni ikamwelemea hata kuamka kukawa kazi. "Dawa zile zilikuvuruga na akili," daktari alimwambia. "Utatulia, ila usiache kuja." Akaenda miezi minane.

Leo mteja mmoja mwenye ulimi mkali alimrudishia kabati. "Droo inakwama! Na wewe Tingatinga gani? Umebaki toroli!"

Mwenzake mmoja pale karakanani akaficha nyundo. Seremala mwenyewe aliingoja ile hasira kama mtu anayengoja mgeni mkorofi, lakini haikuja. Kilichomjia ni kicheko.

"Toroli nalo hubeba mzigo, mama. Lete droo." Akaipiga randa mpaka ikateleza yenyewe.

Jioni alifika nyumbani na mlango mpya begani, bega lile lile. Akaufunga kwenye bawaba, akalishusha pazia. Mkewe akaingia chumbani, akakomea kwa ndani.

"Haya, baba watoto. Unataka kuingia. Unafanyaje?"

Seremala akagonga kwa kidole kimoja.

"Hodi."

Komeo likalia. "Karibu, mume wangu. Ulikuwa wapi siku zote?"