Stendi ya Nyuma Kushoto

Umewahi kumtazama mumeo akiingia chini ya gari mpaka anabaki miguu tu? Mimi nimemtazama hivyo miaka arobaini na moja, na sijazoea. Lakini hofu niliyoipata Jumamosi moja ya Aprili ilikuwa nyingine kabisa.

Gosse wangu ana miaka sabini na sita. Gari lake la spoti ni jekundu, la viti viwili, na limekaa chini mno, hata paka wetu hujibana kupita uvunguni. Siku zote hulitengeneza ndani ya banda, penye sakafu ya saruji. Jumamosi hiyo alilirudisha kinyumenyume akalileta uani.

"Mbona nje leo?" nikamuuliza.

"Jua limetoka, Jeltje. Ulitaka nikae gizani kama fuko?"

Sababu niliijua. Tangu majira ya baridi macho yake yalikuwa yanafifia. Kahawa aliimimina nje ya kikombe kisha akakilaumu kikombe. Barabarani aliniachia mimi usukani, akisingizia goti. Yeye hakulitaja jambo hilo, nami sikulitaja. Ila kila alipoingia chini ya lile gari, nilitoka nje kumtazama, maana kosa dogo la jicho pale ni roho ya mtu.

Na ua wetu, kama nyua zote za kijiji hiki, ni wa matofali yaliyopangwa juu ya mchanga. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo.

Durk, jirani yetu, akaja akaegemea uzio wa miti akiwa na viatu vyake vya mbao.

"Gosse! Likikulalia hilo, jeki nirithi mimi?"

"Wewe utarithi masufuria ya kuosha," Gosse akajibu. "Mkeo ameshaniambia."

Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Nikubali kwamba kazi aliifanya kwa utaratibu. Alikuwa amepandisha magurudumu ya nyuma juu ya mbao mbili, ili jeki ipate nafasi ya kupita. Akaweka gia ya kwanza. Kabari akazisukuma mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, yote mawili, kwa sababu breki ya mkono hushika ya nyuma tu, na ya nyuma yakishaning'inia haina kazi tena. Akapiga jeki katikati ya chuma kinene cha nyuma, polepole, mpaka gari likainua makalio. Halafu akaweka stendi mbili za chuma za kubebea gari, moja kila upande. Mahali pa kuziweka hakupatafuta kwa macho. Alipapasa kwa vidole, kama mtu anayetafuta kitasa usiku. Akashusha jeki, gari likakaa juu ya stendi, kisha akaipandisha tena mpaka ikagusa tu, iwe ya akiba. Mwisho akalisukuma gari kwa nyonga mara tatu. Halikutikisika.

"Unaona? Mlima," akasema.

Durk akaenda zake kunywa kahawa. Ilikuwa saa nne kamili, na kwao saa nne haichelewi. Gosse akatandika boksi chini, akalala chali, akateleza ndani mpaka kiunoni, kutafuta bolti ya bomba la moshi.

Nikasimama pale nimeshika taulo la vyombo. Bolti ilikuwa imeshikwa na kutu. Kila alipovuta spana gari zima lilitoa sauti ndogo, kama meza ya zamani inapoegemewa. Nikaanza kuangalia stendi. Ya kulia ilikuwa imesimama wima. Ya kushoto…

Nikainama. Mguu mmoja wa stendi ya nyuma kushoto ulikuwa umekanyaga tofali moja peke yake, na tofali hilo lilikuwa limeshuka chini ya wenzake upana wa kidole. Majimaji yenye mchanga yalikuwa yakipanda taratibu kwenye mwanya wake. Gosse akavuta tena. Tofali likashuka. Nililiona kwa macho yangu likishuka, na stendi ikainamisha kichwa kuelekea kwa Gosse.

"Gosse, toka!"

"Bado kidogo, imeanza kulegea."

"Usivute! Stendi inazama!"

"Inazama wapi? Nimeitazama mwenyewe sasa hivi."

Akijiburuta kwa pupa, bega lake litaigonga ile stendi. Akibaki, itaanguka yenyewe. Mbele yangu ulikuwepo mpini wa jeki, ambao kwa miaka arobaini na moja sikuwahi kuugusa. Nilichojua ni kimoja: ukiuzungusha, gari linashuka.

Nikaushika kwa mikono miwili. Mpini ukagonga chuma.

"Nani anashika jeki? Jeltje! Acha hiyo!"

"Nyamaza ulale hivyo hivyo! Usiinue hata kidole!"

Sikuwa nimewahi kumwambia hivyo tangu anioe. Nikausukuma mpini chini, bila kuuzungusha. Mwepesi. Nikasukuma tena. Mwepesi bado, nikadhani nimeharibu, nikadhani namuua kwa mikono yangu. Mara ya tatu ukawa mzito. Gari likaguna, likapanda unene wa ukucha, kisha wa kidole. Stendi ikaachia uzito.

"Sasa toka. Upande wa kulia. Polepole, mzee wangu, polepole."

Boksi likakwaruza. Likatoka tumbo, vikatoka vifungo vya ovaroli, kikatoka kidevu chenye grisi. Nilipoyaona masikio yake yote mawili nikamvuta kwa ukosi mpaka mbali na gari, kama gunia.

Stendi haikungoja sana. Ililala ubavu, ikagonga matofali kwa mlio uliowarusha bata kutoka mfereji wa nyuma. Gari likabaki juu ya jeki na stendi moja, likiyumba, kisha likatulia.

Tulikaa chini palepale kwenye unyevu. Gosse alikuwa bado ameshika spana. Nikamwonyesha lile tofali. Akatazama, akakunja uso, akasogea, akatazama tena mahali sipo. Hatimaye akanyoosha mkono akaligusa, na vidole vikazama kwenye shimo mpaka fundo la pili.

Rangi ilimtoka usoni.

"Lilikuwepo wazi hivi hili shimo?" akauliza.

"Lilikuwepo."

Akafuta mikono kwenye ovaroli, mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Kutoka kwa Durk nilisikia vijiko vikigonga vikombe. Nilitamani kumsaidia kuyatoa maneno, lakini nilijizuia. Hayakuwa yangu.

"Sioni vizuri, Jeltje," akasema. "Tangu Desemba. Kila Jumamosi nilitaka kukuambia, nikaogopa utaniambia niliuze gari." Akaiweka spana chini. "Sitaki kuliuza. Nataka wewe uniangalizie stendi kabla sijaingia."